Gharama ya Makubaliano Baina ya Kompyuta

Mojawapo ya maswali makubwa yaliyowashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa takriban nusu karne sasa ni hili: je, kundi la kompyuta zilizo mbalimbali, zisizo na njia ya kujuana hali ila kupelekeana ujumbe, laweza kufikia uamuzi mmoja ikiwa baadhi yake zimeharibika au zinasema uongo? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili laonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini kila mwenye akaunti katika benki, na kila mwananchi ambaye kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika mashine zaidi ya moja, anaishi kwa kulitegemea jibu lake, ajue asijue.

Katika makala haya nakusudia kutetea hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba makubaliano yana gharama, na kwamba gharama hiyo imekwisha kupimwa kwa hisabati. Yaweza kupunguzwa, yaweza kuhamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine, lakini haiwezi kufutwa. Kwa hiyo mtu akituletea mfumo ambao gharama yake yaonekana kuwa chini ya kipimo hicho, tuna haki ya kumwuliza ni ulinzi gani alioupunguza. Hoja ya pili ni kwamba elimu hii yafaa ifundishwe katika shule zetu za sekondari, kwani haidai kompyuta hata moja. Yadai chaki, karatasi na akili iliyo tayari kuhesabu.

Saa tatu zisizopatana

Lugha ya nadharia hii imejaa majemadari, vita na wasaliti, lakini chanzo chake hasa ni ndege. Katika miaka ya 1970 shirika la anga la Marekani, NASA, liligharimia utafiti wa kompyuta ya kuongozea ndege katika taasisi ya SRI International huko California. Kompyuta hiyo iliitwa SIFT. Ndege inayotegemea kompyuta kila dakika ya safari yake haiwezi kusimama angani kumngoja fundi. Kwa sababu hiyo watafiti waliamua kutumia kompyuta kadhaa zinazofanya kazi ile ile, kisha zipige kura, na jibu la wengi ndilo lifuatwe.

Ili kompyuta zipige kura kwa wakati mmoja, sharti saa zake ziende pamoja. Mtu angedhani kwamba saa tatu zatosha, maana moja ikiharibika mbili zitaishinda. Tazama sasa jambo linaloweza kutokea. Saa ya kwanza, ambayo ni nzima, inaonyesha saa mbili kamili. Ya pili, nayo ni nzima ila imetangulia kidogo, inaonyesha saa mbili na dakika kumi. Ya tatu ni mbovu, na ubovu wake ni wa namna ya pekee: inaiambia ya kwanza kwamba ni saa mbili kasoro dakika kumi, na papo hapo inaiambia ya pili kwamba ni saa mbili na dakika ishirini. Saa ya kwanza inajikuta katikati ya wenzake wawili. Ya pili pia inajikuta katikati. Hakuna inayoona sababu ya kujirekebisha, na mwanya ulio baina yao utabaki, na hata kupanuka, huku kila moja ikiamini kuwa ndiyo yenye haki.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba wingi wa kura peke yake si dawa ikiwa mpiga kura mmoja aweza kuonyesha nyuso mbili. Mwaka 1980 Marshall Pease, Robert Shostak na Leslie Lamport walichapisha uthibitisho wa jambo hili. Ili kundi listahimili kompyuta mbovu moja, ubovu wa namna yoyote ile, zinahitajika kompyuta nne; kwa mbovu mbili zinahitajika saba; na kwa jumla, kwa mbovu f zinahitajika 3f + 1. Mwaka 1982 wataalamu hao watatu walilieleza suala lile lile kwa hadithi ya majemadari wa jeshi la Bizanti waliouzingira mji, wakapelekeana habari kwa matarishi, ilhali baadhi yao ni wasaliti. Hadithi hiyo ndiyo iliyolipa suala jina lake, na hadi leo kompyuta yenye kusema uongo huitwa yenye ubovu wa Kibizanti.

Kiranja na barua zake

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa dakika chache. Mwalimu na awachague wanafunzi watatu: Kiranja, B na C. Kiranja anaandika neno moja tu, NDIYO au HAPANA, katika vipande viwili vya karatasi, na kumpa kila mwenzake kimoja. Masharti ni mawili. Kwanza, wote walio wakweli wafikie uamuzi mmoja. Pili, Kiranja akiwa mkweli, uamuzi huo uwe ule alioandika. Mmoja kati ya watatu hao aweza kuwa mwongo, lakini haijulikani ni nani.

Tuseme B amepokea NDIYO. Anamwuliza C, naye C ajibu kwamba yeye ameandikiwa HAPANA. Nani mwongo? Huenda Kiranja kaandika mambo mawili. Huenda C anamsingizia Kiranja. B hana njia ya kujua. Kwa kuwa yawezekana Kiranja ni mkweli, sharti la pili lamlazimisha B amfuate Kiranja na kuamua NDIYO. Lakini C, ikiwa naye ni mkweli, yumo katika hali ile ile kwa upande wake. Atalazimika kumfuata Kiranja na kuamua HAPANA. Basi Kiranja mwongo amewagawa wakweli wawili. Kuongeza mazungumzo baina ya B na C hakufai kitu, kwa sababu kila neno ambalo mkweli aweza kulisema, mwongo naye aweza kulisema.

Sasa aongezwe mwanafunzi wa nne, D. Kiranja anatoa barua tatu. Kisha kila mmoja wa B, C na D anawaambia wenzake wawili kile alichoandikiwa. Hizo ni barua sita. Kila mmoja sasa ana maneno matatu mkononi, na anafuata neno la wengi. Ikiwa Kiranja ndiye mwongo, B, C na D ni wakweli na wote wana maneno matatu yale yale, kwa hiyo wataamua jambo moja. Ikiwa mwongo ni D, basi B na C kila mmoja ana neno la Kiranja mara mbili na uongo mara moja, na ukweli utashinda. Barua tisa zimetosha kumshinda mwongo mmoja.

Hapa msomaji na aanze kuhesabu. Kwa waongo wawili katika kundi la watu saba, njia hiyo yadai duru tatu. Kiranja anatoa barua 6. Kila mmoja wa hao sita anawaarifu watano waliobaki, yaani barua 30. Halafu kila habari kati ya hizo thelathini inapelekwa kwa wale wanne ambao hawajahusika nayo, yaani barua 120. Jumla ni 156. Tukiendelea hivyo tunapata orodha hii:

Kompyuta 4, mbovu 1: barua 9
Kompyuta 7, mbovu 2: barua 156
Kompyuta 10, mbovu 3: barua 3,609
Kompyuta 13, mbovu 4: barua 108,384

Ni dhahiri kwamba hapa pana tatizo. Kundi limeongezeka kutoka nne hadi kumi na tatu tu, na barua zimepindukia laki moja, kwa ajili ya kukubaliana neno moja la NDIYO au HAPANA. Hata barua nyingi zikifungwa katika bahasha moja, maandishi yaliyomo ndani hayapungui. Njia sahihi ambayo gharama yake hukua namna hii ni sawa na dawa inayoponya lakini haipatikani dukani.

Mpaka usiovukika

Baadhi ya gharama hiyo ilitokana na uchanga wa njia zenyewe, na nafuu ilipatikana upesi. Mwaka 1983 Danny Dolev na Raymond Strong walieleza njia inayotumia sahihi za siri za kihisabati, yaani alama ambayo mwenye nayo peke yake aweza kuiandika, ilhali kila mtu aweza kuikagua. Kila apokeaye neno hutia sahihi yake chini ya zile zilizotangulia, kisha hulipeleka mbele. Mwongo hawezi tena kumsingizia mkweli maneno asiyoyasema. Katika njia hii kila mkweli hana haja ya kupeleka mbele zaidi ya maneno mawili tofauti, kwani akishaona Kiranja ametia sahihi maneno mawili yanayopingana, uongo umekwisha kufichuka. Kwa hiyo katika kundi la watu 13, barua za wakweli haziwezi kupita 312. Kutoka 108,384 hadi 312 ni maendeleo makubwa, ijapokuwa kila barua sasa imebeba mkufu wa sahihi na kazi ya kuzikagua.

Je, kubana huko kwaweza kuendelea bila kikomo? Mwaka 1985 Danny Dolev na Rüdiger Reischuk walichapisha jibu, nalo ni hapana. Walithibitisha kwamba njia yoyote isiyotumia bahati nasibu, hata ikiwa na sahihi, kuna hali ambamo haina budi kutuma barua zisizopungua takriban robo ya mraba wa idadi ya waongo. Mimi nauhesabu uthibitisho huo kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika fani hii, na moyo wake waweza kufahamika na mwanafunzi wa sekondari.

Tuseme waongo waweza kufika 100. Tuchague watu 50 katika kundi. Ikiwa barua zote zinazotumwa ni pungufu ya 50 mara 50, yaani 2,500, basi kati ya hao hamsini yuko angalau mmoja anayepokea pungufu ya barua 50. Tumwite Mpweke. Wanaomwandikia Mpweke hawafiki hamsini, nasi tumekubali kwamba waongo waweza kuwa mia. Basi waongo na wawe ndio hao wanaomwandikia. Wamkalie kimya yeye peke yake, na kwa wengine wote watende kama wakweli. Mpweke hatapata barua hata moja. Hana budi kuamua kama aamuavyo mtu asiyesikia lolote, na waongo watachagua siku ambayo wenzake wanaamua kinyume. Makubaliano yamevunjika, na Mpweke hana kosa lolote. Katika uthibitisho kamili, waliobaki katika wale hamsini nao huwa waongo wanaojifanya viziwi, ili wengine wasishtushwe na mwenendo wa Mpweke; ndiyo maana ni nusu tu ya waongo inayotumika kuziba njia za barua. Sahihi hazimsaidii kitu, kwa maana asiyepata barua hana sahihi ya kukagua.

Fundisho lake laweza kuelezwa kwa sentensi moja: asiyepata habari ila kutoka kwa wachache, yu mikononi mwa wachache hao. Wazee wetu walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hisabati inaukubali usemi huo, kisha inauliza mambo mawili ambayo usemi haukuyataja: wazee hao ni wangapi, na kila mmoja amesikia kutoka kwa wangapi?

Gharama inahamia wapi?

Tangu hapo juhudi nyingi za watafiti zimekuwa za kutafuta namna ya kuishi na mpaka huo. Yafaa kuzitazama njia chache, kwa sababu kila moja yaonyesha gharama imehamia wapi.

Njia ya kwanza ni kumtumia kiongozi. Mwaka 1999 Miguel Castro na Barbara Liskov, wa chuo cha MIT, walionyesha kwamba makubaliano ya kustahimili waongo yaweza kuendeshwa kwa kasi ya kufaa katika kazi za kawaida. Kiongozi hupendekeza, na wanachama wote huandikiana kuthibitisha. Mwaka 2019 Maofan Yin na wenzake walitangaza njia iitwayo HotStuff, ambamo wanachama hawaandikiani tena wao kwa wao. Kila mmoja humpelekea kiongozi kura yenye sahihi, naye huziunganisha kura hizo kuwa hati moja fupi na kuirudisha kwa wote. Kiongozi akiwa mwema, barua huongezeka kwa uwiano wa idadi ya wanachama tu, si kwa mraba wake. Lakini kiongozi akiwa mwongo sharti abadilishwe, na huenda wa pili naye akawa mwongo, na wa tatu, hadi waongo wote wamalizike. Zidisha idadi ya viongozi waongo kwa idadi ya wanachama, na mraba umerudi. Mpaka wa mwaka 1985 haukuvunjwa. Umesogezwa ili ulipwe siku mbaya tu. Huo ni uhodari wa kweli, mradi tujue kwamba siku mbaya ipo.

Njia ya pili ni kura ya bahati nasibu. Mwaka 1983 Michael Ben-Or na Michael Rabin, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha nguvu ya kurusha sarafu katika makubaliano. Mwaka 2010 Valerie King na Jared Saia walieleza njia ambayo kila mwanachama hutuma maandishi yanayokua takriban kwa mzizi wa pili wa idadi ya wanachama. Katika kundi la 10,000 mzizi wa pili ni 100, ilhali kuwaandikia wenzako wote ni barua 9,999. Na ijapokuwa kipimo halisi cha njia yao huzidishwa na vipengele vingine vya logi, tofauti huzidi kuwa kubwa kadiri kundi linavyokua. Siri yake ni kugawa kazi kwa kamati ndogo zilizochaguliwa kwa nasibu, ili mwongo asiweze kujua mapema ni nani wa kuzingirwa. Na gharama imehamia wapi? Imehamia katika uwezekano mdogo wa kukosea. Kamati yaweza, kwa bahati mbaya, kujaa waongo. Uwezekano huo waweza kufanywa mdogo sana, lakini si sifuri.

Njia ya tatu imesikika sana masikioni mwa vijana. Mwaka 2008 mwandishi aliyejiita Satoshi Nakamoto alieleza fedha ya Bitcoin, ambamo haki ya kuandika ukurasa mpya wa daftari hupatikana kwa kushindana kufanya hesabu ngumu. Barua zimepungua, kwani hakuna mikutano ya kupiga kura; badala yake gharama imehamia katika umeme unaochomwa na mashine za mashindano hayo. Mfumo mwenzake, Ethereum, uliacha mashindano ya namna hiyo mwezi Septemba 2022, ukarudi kwenye kura za wanachama walioweka rehani.

Msomaji ataona kwamba katika kila njia kitu fulani kimelipwa: barua, muda, hesabu za sahihi, uhakika au umeme. Sijaona bado mfumo ambao haukulipa chochote.

Je, haya yanatuhusu?

Wako watakaosema kwamba hii ni elimu ya anasa, iwafaayo wenye vituo vikubwa vya kompyuta, na kwamba shule isiyokuwa na maabara ya kutosha haina nafasi ya kujadili kompyuta waongo. Naheshimu hoja hiyo kwa kuwa inatokana na upungufu wa kweli, lakini naiona imepinduliwa. Mwenye njia pana na rahisi ya mawasiliano aweza kuvumilia itifaki yenye kupoteza barua. Mwenye njia nyembamba na ghali hawezi. Hesabu ya kubana ujumbe ina thamani kubwa zaidi kwa yule ambaye kila ujumbe unamgharimu.

Tena, mambo haya yamekwisha kufika kwetu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu wakati huo fedha za wananchi wengi zimekuwa ni maandishi yaliyomo katika mashine ambazo hazina budi kukubaliana juu ya salio la kila mtu. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo.

Waya ukikatika, kompyuta iliyo upande huu haiwezi kutofautisha kati ya mwenzake aliyekufa na mwenzake aliyechelewa kujibu. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kwamba, katika mtandao usioahidi muda wowote wa kufikisha ujumbe, hakuna itifaki isiyotumia nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba makubaliano yatafikiwa, hata ikiwa kompyuta inayoweza kufa ni moja tu. Kwa hiyo mwenye mfumo sharti achague: mtandao ukinyamaza, je, angoje kwa muda usiojulikana, au aendelee na kujihatarisha kuwa na madaftari mawili yanayopingana? Uchaguzi huo unaathiri fedha na haki za watu. Haufai kuachiwa programu iliyonunuliwa bila kusomwa.

Kwa upande mwingine, sipendi msomaji adhani kwamba kila mfumo unahitaji ulinzi dhidi ya waongo. Kompyuta tano za ofisi moja, zilizo chini ya fundi mmoja na mlango mmoja, aghalabu huharibika kwa kuzimika, si kwa kusema uongo. Kwa ubovu wa kuzimika tu, zinatosha kompyuta 2f + 1, yaani tatu kwa kustahimili moja, na tano kwa mbili, nazo zaweza kutumia itifaki nyepesi kama Paxos ya Lamport, iliyochapishwa mwaka 1998, au Raft ya Diego Ongaro na John Ousterhout ya mwaka 2014. Anayeiuzia ofisi kama hiyo mfumo mzito wa kuwashinda wasaliti, kwa kuwa tu jina lake ni la kisasa, anaiuzia ngome mahali palipohitajika kufuli. Na anayeuza kufuli kwa kundi la kampuni zisizoaminiana ametenda kosa kubwa zaidi, maana hasara yake haionekani mpaka siku ya usaliti.

Maswali matatu na pendekezo moja

Kutokana na hayo, napendekeza kwamba kila anayenunua, anayebuni au anayetumia mfumo wa namna hii ajizoeze kuuliza maswali matatu. Ni wangapi wanaweza kuharibika kwa pamoja kabla mfumo haujaanguka? Wakiharibika, wanaweza kufanya nini: kunyamaza tu, au kusema uongo pia? Na mtandao unaahidi nini juu ya muda wa kufikisha ujumbe? Mwuzaji asiyeweza kuyajibu haujui mfumo anaouuza. Na akijibu kwamba mfumo wake unastahimili kila ubovu, kwa kila mtandao, kwa barua chache na bila uwezekano wa kukosea, basi anapingana na uthibitisho wa Dolev na Reischuk, na wa Fischer, Lynch na Paterson.

Kwa walimu nina pendekezo moja. Kitengwe kipindi kimoja, cha hisabati au cha klabu ya sayansi, kwa ajili ya mchezo wa Kiranja. Waanze watatu, washindwe. Waongezwe hadi wanne, wafaulu. Kisha wawe saba, wenye waongo wawili waliochaguliwa kwa siri, na mwanafunzi mmoja akae pembeni kuhesabu barua. Nina hakika kwamba kabla ya kengele kulia darasa litakuwa limechoka kuandika, na hapo ndipo swali la kubana ujumbe litakapozuka lenyewe, bila mwalimu kulisema. Wenye bidii na waombwe wahakikishe hesabu za orodha niliyotoa hapo juu, kisha watafute ya kompyuta 16 na mbovu 5. Na wale walio hodari zaidi na wajaribu kumtafuta Mpweke katika itifaki yoyote watakayoibuni wenyewe.

Zoezi hili lina faida inayopita kompyuta. Shuleni, mwanafunzi aghalabu hukutana na hisabati kama njia ya kupata majibu. Ni mara chache anapoiona ikithibitisha kwamba jambo fulani haliwezekani, na kwamba kushindwa huko hakutokani na uvivu wala umaskini wa mtu. Akishaelewa hivyo mara moja, hatadanganywa kirahisi na matangazo. Atajua kutofautisha jambo ambalo bado halijafanyika na jambo ambalo halitafanyika kamwe, na nguvu zake atazielekeza kwenye lile la kwanza.

Nalo ni pana. Bado watafiti wanatafuta njia zilizo nyepesi zaidi kwa makundi makubwa, kwa mitandao isiyo na uhakika, na kwa mashine zenye nguvu ndogo. Kazi hiyo hufanywa kwa kalamu kabla ya kufanywa kwa mashine, na kalamu tunazo. Sioni sababu ya kuwaachia wengine waitafute njia nyembamba kwa niaba yetu, ilhali sisi ndio tupitao humo kila siku.